Vigae vina cheti, kofia haina: kisa cha paa la nyumba ya wageni Bagamoyo

Jengo na paa la zamani

Kisa hiki ni cha nyumba ya wageni ya ghorofa moja, vyumba 12, iliyoko Bagamoyo mjini, kama mita 450 kutoka ufukweni. Jina la mwenye nyumba, mtaa, muuzaji na wataalamu waliohusika yameondolewa. Jengo liko nje ya eneo la Mji Mkongwe, hivyo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haikuingia. Mwenye jengo la kale ndani ya eneo lile ana mlango mwingine wa kubisha hodi kabla ya huu wa kibali cha ukarabati, na hicho ni kisa cha siku nyingine.

Paa lilikuwa la migongo minne, yaani linateremka pande zote nne, mwinuko nyuzi 22, eneo lake kama mita za mraba 310. Liliezekwa kwa bati la geji 30 juu ya papi (mbao za kupigilia bati) 2×3 zilizoachana sentimita 90, na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za paina zikiwa zimeachana mita 1.2. Chumvi ya bahari ilianza na upenu, ikaja kwenye matundu ya misumari, ikamalizia chini ya kofia, yaani kipande kinachofunika mgongo wa paa. Vyumba viwili vya juu vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya kuvuja.

Mwenye nyumba aliamua kuezua lote na kuweka vigae vya bati vyenye chembe za mawe. Ni chuma cha unene wa 0.45 mm kilichopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, gramu 150 kwa mita ya mraba, juu yake chembe za mawe na gundi. Kigae kimoja hufunika urefu wa mita 1.265 na kina cha mita 0.37. Sababu zake zilikuwa mbili, na zote nzuri: mpako huo huvumilia chumvi kuliko zinki peke yake, na chembe za mawe hupunguza kelele ya mvua, jambo ambalo mgeni aliyelipia chumba hulitambua usiku wa kwanza wa masika.

Hati ya bei ilikuwa na sehemu ya pili yenye kichwa “vifaa vya hiari”. Humo alichagua vinne: karatasi ya kutandaza chini ya vigae, kofia zenye tundu za hewa, mabano ya kushikia paneli za sola, na vigae vichache vya plastiki ya kupitisha mwanga juu ya ngazi. Alilipia vyote siku hiyohiyo. Vigae havikumpa shida kubwa. Shida yote ya kisa hiki ilitoka kwenye sehemu ya pili.

Kilichotokea

Fundi alianza kuezua upande wa mashariki wiki ya kwanza ya Februari. Alipoulizwa kuhusu kibali alijibu, “Mama, kubadili bati si kujenga. Nyumba ina kibali chake tangu zamani.” Ni kauli inayosikika kila mji wa pwani. Ina ukweli kidogo pale bati la geji ileile linaporudishwa juu ya papi zilezile. Hapa haikuwa na ukweli wowote, kwa sababu uzito wa paa, mpangilio wa papi na ufungaji wote vilikuwa vinabadilika.

Siku ya tisa ukuta wa mbele ulipakwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI. Theluthi moja ya paa ilikuwa wazi, na masika ilikuwa imebakiza wiki tano au sita. Turubai zilifungwa, vyumba vitano vikafungwa.

Maombi ya kibali cha ukarabati yaliwasilishwa halmashauri tarehe 3 Machi: nakala ya hati, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, kibali cha awali, seti tatu za michoro ya mbunifu majengo aliyesajiliwa na AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi), na maelezo mafupi ya mhandisi wa ERB (bodi ya wahandisi). Kwa upande wa bidhaa, muuzaji alitoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ya pili ilikuwa ripoti ya tathmini ya kurasa 14 kutoka ICC-ES, taasisi ya Marekani inayotathmini bidhaa za ujenzi, yenye jedwali la nguvu za upepo na daraja A la kuhimili moto. Kwa macho ya mwenye nyumba huo ulikuwa mzigo wa kutosha wa karatasi.

Tarehe 12 Machi maombi yalirudi na barua yenye maswali manne:

Kenchi zilizoachana mita 1.2 zinabebaje vigae ambavyo ripoti yake inataja kenchi zilizoachana milimita 610?

Daraja A la moto limetolewa kwa paa lenye ubao juu ya kenchi zote, lakini mchoro unaonyesha papi tupu. Ushahidi wa paa lisilo na ubao uko wapi?

Karatasi ya chini ya vigae, kofia za hewa na vigae vya mwanga havimo katika cheti wala ripoti. Vimejaribiwa na nani?

Mabano ya sola yanafungwa kwenye nini?

Mwenye nyumba alikwenda ofisini akiwa na hasira, maana alikuwa ameambiwa vyeti vinatosha. Afisa alimfungulia ripoti ukurasa wa tatu, akaweka kidole. “Mama yangu, soma hapa. Wao chini wana ubao, wewe una papi. Si kwamba vigae ni vibaya. Paa lililojaribiwa si hili unalotaka kujenga.”

Namna ripoti ilivyosomwa upya

Mhandisi na mbunifu waliirudia ripoti mstari kwa mstari, kazi iliyostahili kufanyika kabla ya kulipia. Ripoti za ICC-ES zina mpangilio mmoja: sehemu ya 1 ni upeo wa tathmini, ya 2 matumizi, ya 3 maelezo ya bidhaa, ya 4 usanifu na ufungaji, ya 5 masharti, ya 6 ushahidi uliowasilishwa, na ya 7 utambulisho, yaani alama iliyoko kwenye bidhaa au kifungashio chake. Wauzaji huonyesha jalada na jedwali. Penye ukweli ni sehemu ya 3 na ya 5.

Sehemu ya 3 ilitaja aina mbili za vigae, kofia ya kawaida, papi na skrubu. Kofia ya hewa haikutajwa. Karatasi ya chini ilitajwa, lakini ya aina nyingine kabisa, iliyolazwa juu ya ubao. Sehemu ya 5 ilisema waziwazi kwamba vifaa visivyoorodheshwa viko nje ya tathmini.

Hata huko Marekani ripoti ya aina hii si kibali. Mkaguzi wa mji ndiye anayekubali au kukataa, na kanuni yao ya majengo, IBC, humruhusu kukubali kifaa mbadala kikithibitishwa kuwa sawa na kile kinachotakiwa. Huko Miami-Dade, wilaya ya jimbo la Florida, ambako kimbunga Andrew cha Agosti 1992 kiliezua maelfu ya nyumba, hati za idhini hutaja bidhaa, namna ya kuifunga na mipaka ya matumizi yake. Anayeleta ripoti ya huko Bagamoyo akidhani ni ruhusa anaipa kazi ambayo hata kwao haifanyi.

Cheti cha TBS nacho hakikuwa na kosa. Kilihusu vigae vyenyewe: chuma, mpako, unene. Kilijibu swali la ubora wa kigae, na swali lililoulizwa lilikuwa la paa.

Maamuzi na sababu zake

*Kenchi na papi.* Hapa ndipo fedha nyingi ya ziada ilikwenda, na ilistahili. Bati la zamani lilikuwa kama kilo 3 kwa mita ya mraba, vigae kama kilo 7. Kwa mita 310 ni kutoka kilo 930 hadi 2,170, kabla ya kuhesabu papi zinazoongezeka kwa kuwa sasa zinapigwa kila milimita 370. Lakini uzito haukuwa hofu kubwa. Paa jepesi huondoka kwa kunyanyuliwa. Mhandisi alitumia nguvu ya kunyanyua ya kilonewtoni 1.8 (kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100) kwa mita ya mraba kwenye pembe na kingo, na 1.1 katikati.

Kigae kimoja kina eneo la mita za mraba 0.468, kwa hiyo pembeni kinavutwa kwa kilonewtoni 0.84. Kikifungwa kwa skrubu sita, kila moja inabeba 0.14, na hapo hakuna tatizo. Tatizo lilikuwa chini yake, papi inapokutana na kenchi. Kenchi zikiachana mita 1.2, kila makutano yanavutwa kwa karibu 0.80. Zikiachana 0.6, ni 0.40. Fundi alikuwa amepanga msumari mmoja laini wa inchi 4 kila makutano, ambao baada ya kupita papi ya inchi 2 unabakiza inchi 2 tu ndani ya paina. Kwa hesabu ya mhandisi msumari huo haukufikia hata 0.40.

Uamuzi: kuongeza mbao 2×6 katikati ya kila kenchi mbili ili nafasi iwe milimita 600, kufunga papi 2×2 kwa skrubu ya milimita 100 kila makutano, na kufunga kila kenchi kwenye linta kwa ukanda wa chuma wenye mpako wa zinki. Kwa nafasi ya 600, jedwali la ripoti lilianza kuhusiana na jengo hili.

Wapo wanaosema vimbunga ni vya Mafia na Lindi. Hidaya ya Mei 2024 ilipiga upande wa Mafia kweli, lakini kimbunga cha Aprili 1872 kilichoivunja Zanzibar kilifika Bagamoyo na kubomoa majengo ya misheni.

*Kofia za hewa.* Ziliondolewa. Barua iliuliza zimejaribiwa na nani, na muuzaji hakuwa na ushahidi wa kuzuia mvua inayosukumwa na upepo. Kwa maoni yetu zingepaswa kuondolewa hata kama ushahidi ungepatikana, kwa sababu ya umbo la paa. Kipimo kinachotumika sana ni tundu la hewa la moja ya mia tatu ya eneo la dari, nusu yake juu na nusu chini. Dari ya mita 240 inataka mita za mraba 0.8, yaani 0.4 juu. Paa la migongo minne lina mgongo mfupi wa juu. Hapa ulikuwa mita 6.4 tu, na kofia hizo hazikutengenezwa kwa migongo ya pembeni. Kwa maelezo ya muuzaji mwenyewe zilitoa 0.03 kwa kila mita, jumla 0.19. Haifiki nusu ya kinachotakiwa, na kwa faida hiyo unakuwa umefungua paa mahali palipo juu kabisa, upepo wa kusi ukija na mvua. Badala yake zilikatwa tundu kwenye singbodi ya upenu pande zote nne, zikawekwa wavu, ili upepo uingie upande mmoja utokee wa pili.

*Karatasi ya chini.* Hii ilibaki, ila si ileile. Iliyonunuliwa ilikuwa ya plastiki yenye mapovu na uso wa kung'aa, bila jaribio lolote la moto. Kwa nyumba ambamo watu wasiojua mlango wa nyuma hulala, hiyo si ya kubahatisha. Ilibadilishwa kwa aina yenye ripoti yake ya kusambaa kwa moto kwa kipimo cha Uingereza cha BS 476 sehemu ya 7, jina la bidhaa katika ripoti likiwa lilelile lililochapwa kwenye roli. Suala la jina limewahi kukwamisha wengi: ripoti inataja aina moja, roli zinazofika zimeandikwa namba nyingine, na muuzaji anasema ni kitu kilekile.

Sababu ya kutoifuta kabisa ni mbao. Papi zilikuwa zimetiwa dawa ya kijani yenye shaba, na shaba ikilowa huila mipako ya zinki na aluminiamu inayoigusa. Kwa hiyo karatasi ilitandazwa juu ya kenchi, zikafuata papi za kusimama za inchi 1 ili maji yapite chini, kisha papi za kulala zilizokauka na kupakwa rangi uso wa juu. Mishono ilipandana milimita 150.

*Vigae vya mwanga na mabano ya sola.* Vigae vya plastiki juu ya ngazi pekee ya kukimbilia moto vilifutwa bila mjadala. Plastiki ikiyeyuka hudondoka penye njia. Mabano yalionekana yanafungwa kwenye kigae tu, hayagusi kenchi. Yalitolewa katika maombi haya ili yasizuie mengine.

Majibu yalipelekwa tarehe 26 Machi yakiwa na ukurasa mmoja uliofanya kazi kuliko michoro yote. Kila kifaa kilikuwa na mstari wake: jina lililo kwenye bidhaa, karatasi inayokithibitisha, ukurasa, sharti la ukurasa huo, na mahali lilipotimizwa kwenye mchoro. Mstari wa kofia za hewa ulisomeka “imeondolewa, angalia mchoro wa upenu”. Kibali kilitoka tarehe 9 Aprili.

Matokeo

Kazi ilifanyika katikati ya masika, vipande vya mita nne nne, na ikamalizika wiki ya pili ya Mei. Dari za jipsamu za vyumba vitatu zililowa zikang'olewa. Muuzaji alikataa kupokea kofia 16 za hewa na karatasi ya mapovu kwa kuwa vifungashio vilikuwa vimefunguliwa.

Ukaguzi ulikuwa mara tatu: baada ya mbao, baada ya karatasi, na mwisho. Wa pili ulikuta kosa moja. Karatasi ilikuwa imekatwa ikaishia nyuma ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa upenu) badala ya kuingia ndani ya gata (mfereji wa maji ya paa). Maji yanayopita chini ya vigae, na hupita hata paa likiwa zuri, yangeteremka hadi hapo na kulowesha ubao na vichwa vya kenchi. Mafundi walitoa safu ya kwanza ya papi, wakaunga kipande cha upana wa sentimita 40, kikashuka gatani sentimita 5.

Miezi minane baadaye paa lilikaguliwa tena. Hapakuwa na uvujaji vyumbani. Palionekana mambo mawili. Kandokando ya migongo yote minne ya pembeni kulikuwa na vidoa vya kutu vya ukubwa wa punje ya mtama. Mafundi walikata vigae kwa gurainda wakiwa juu ya paa. Cheche za chuma zikatua na kuota kutu, na joto la jiwe la kukatia likaunguza mpako kwenye kingo. Michoro ilisema “kata kwa mkasi”, lakini mkasi wa vigae haukuwepo eneo la kazi.

La pili lilikuwa kwenye ukuta wa tangi la maji unaopenya paa. Bati la kuzuia maji lilipachikwa ndani ya plasta mbichi ya saruji, na mahali pote plasta ilipogusa mpako palikuwa na madoa meupe yaliyoanza kuchimbika. Saruji na chokaa mbichi huila aluminiamu. Plasta ilichongwa, bati likasafishwa, likapakwa lami, na mshono ukazibwa kwa silikoni isiyotoa asidi.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kosa la kwanza lilikuwa mpangilio wa hatua. Malipo yalitangulia, kuezua kukafuata, kusoma kukaja mwisho. Kama mistari ya ule ukurasa mmoja ingejazwa kwenye meza ya muuzaji, kofia za hewa zingekosa karatasi palepale. Neno “hiari” lilichangia. Muuzaji analitumia akimaanisha unaweza kununua au kuacha; mnunuzi anasikia kwamba kifaa hakina uzito kwa mkaguzi. Ukweli ni kinyume. Kigae ndicho kilichokuja na ushahidi, na vya hiari vilikuja mikono mitupu, huku kila kimoja kikigusa jambo zito: karatasi inagusa moto, kofia inagusa mvua, bano linagusa upepo.

Fundi hakustahili lawama yote. Alikuwa mzuri wa kupaua, na mbao alizoongeza zilinyooka. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba nafasi ya kenchi imebadilika. Kosa la gurainda nalo tunalihesabu kuwa la msimamizi: ukiandika mkasi kwenye mchoro, mkasi uwe kwenye orodha ya manunuzi.

Swali la pili la barua, la daraja A, halikujibiwa kwa ushahidi wa paa zima, kwa sababu haukuwepo. Lilikubaliwa kwa njia nyingine: kigae ni chuma, karatasi ina ripoti yake, dari ni jipsamu, na vigae vya plastiki vimeondolewa. Tunaona ni uamuzi wa haki. Kumlazimisha aweke ubao juu ya kenchi zote ili afanane na maabara ya Marekani kungeongeza mbao za kuungua na za kuliwa na mchwa, kwa hali ya hewa ambayo ubao uliofunikwa haukauki kirahisi.

Kuyatoa mabano ya sola kwenye maombi ya kwanza kuliokoa wiki kadhaa. Maombi yake yameandaliwa peke yake: mchoro wa bano la kupita katikati ya vigae na kufungwa kwenye ile mbao mpya ya 2×6 kwa skrubu mbili, hesabu ya mvuto wa paneli nane, na maelezo ya namna tundu la kila bano litakavyozibwa. Mbao 2×6 zilizoongezwa kwa ajili ya upepo ndizo zitakazobeba paneli, na zimewekewa alama ya rangi kwenye fisha bodi ili atakayekuja asilazimike kuezua kuzitafuta.